Kadi Mbili za Bofu

Mimi kompyuta sikusomeshwa na mtu, na anayesema nilijifunza kwa bahati namwuliza hapo hapo: bahati gani? Nilijifunza kwa njaa. Saa ya chakula ndiyo saa pekee niliyoruhusiwa kukikalia kile kiti, kwa hiyo wenzangu wakienda kula, mimi nabaki na skrini. Mwaka mzima tumbo langu lilinguruma saa saba mchana, na wagonjwa pale barazani wakilisikia.

Ilikuwa zahanati ya mtu binafsi, huku Likoni, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mwenyewe alikuwa daktari wa makamo, mwepesi wa kufoka na mwepesi wa kusahau alichofokea, na kompyuta aliinunua kutoka ofisi moja ya mjini iliyokuwa ikifungwa. Mimi nilikuwa karani wa taipu. Nilipiga barua, na nilikaa dirishani kuwatafutia wagonjwa kadi zao. Kadi zilijaa makabati matatu, nyingine zimeshaliwa na mende. Mgonjwa akipoteza kikaratasi chake chenye nambari anaandikiwa kadi mpya, na ile ya zamani inabaki kabatini na maradhi yake yote. Daktari alitaka zote ziingie kwenye mashine. Aliyemwuzia alikuja alasiri mbili kutuonyesha pa kuwashia na pa kuzimia, akaacha kitabu kinene cha Kiingereza, akenda zake.

Kitabu kile nilikwenda nacho nyumbani Bofu bila kumwuliza mtu. Nilikuwa na Kiingereza cha kidato cha nne na kamusi isiyo na jalada. Nyumbani kompyuta itoke wapi? Umeme wenyewe haukuwako. Nikanunua daftari la kurasa mia na ishirini, nikawa naandika programu kwa penseli, mstari kwa mstari, na mashine yangu akawa dada yangu.

Hapa lazima nieleze nyumba yetu, maana bila hivyo mengine yote hayaeleweki. Baba alikuwa na wake wawili, na kila mmoja alipojaliwa binti wake wa kwanza alimwita jina la mama mkwe, yaani bibi yetu mzaa baba. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake heshima hiyo, na bibi mwenyewe, mtu wa kupenda kutajwa, hakumkataza hata mmoja. Tulipishana miezi minne. Jina moja, baba mmoja, babu mmoja, nyumba moja, mwaka mmoja. Nyumba kama yetu hazikuwa chache huku kwetu, wala sisi hatukuona ajabu. Yeye wa mama mkubwa akaitwa Mkubwa, mimi nikaitwa Mdogo, na shuleni mwalimu akatuandika wa kwanza na wa pili. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka sita. Mama mkubwa akanilea, kitanda kimoja na binti yake, sahani moja, kofi moja tukikosa. Kwa hiyo nikisema dada yangu, namaanisha dada yangu.

Dada yangu alikuwa na jambo moja: penisilini ilikuwa nusura imwue. Tulipokuwa darasa la tano alidungwa sindano yake katika zahanati hiyo hiyo, na kabla hatujafika njia panda uso ulikuwa umeshamvimba, macho yamefunga, pumzi zinamtoka kwa mluzi. Walimwokoa, alhamdulillahi. Tangu siku hiyo kadi yake iliandikwa kwa wino mwekundu, upana mzima, kwamba asidungwe penisilini kamwe. Mama mkubwa kila alipompeleka aliinyooshea kidole ile kadi mpaka wauguzi wakamchoka.

Basi alasiri, dada akishamaliza kukaanga viazi vyake vya kuuza, tulikaa uani. Nilikata vipande vya maboksi ya sabuni, nikaviandika majina ya majirani, nikamwambia, "Wewe sasa ni kompyuta. Huna akili. Fanya ninalokusomea tu, usiongeze."

"Akili ninazo. Wewe soma."

"Chukua kadi ya kwanza. Jina ndilo hili? Kama silo, iweke, chukua ya pili."

Nilisoma kutoka daftarini naye akafanya. Pale nilipokosea alikwama kweli kweli, mkono juu, ananikodolea macho kwa dharau mpaka nirekebishe. Wallahi hakuna mwalimu aliyenifunza kama yule. Siku moja aliipata kadi tuliyokuwa tukiitafuta, akauliza, "Nishaipata. Nisimame?"

"Simama, eboo! Umeshaipata, watafuta nini tena?"

Akasimama. Nikaandika hivyo daftarini, nikapiga mstari chini yake.

Ilinichukua mwaka, na miezi mingine ya kuzipiga kadi zote moja moja mpaka vidole vikafa ganzi. Lakini ilifanya kazi. Mgonjwa anataja jina, jina la baba, la babu na mtaa, mimi naandika, na kadi yake inajitokeza kwenye skrini. Daktari alipoiona mara ya kwanza aliniuliza nani amenisaidia.

"Dada yangu, yule auzaye viazi."

Alicheka sana. Alidhani namtania.

Nilijua basi, nimeshafika. Wapi! Ilipotimia miezi minane programu yangu ikitumika, rafiki za Daktari wa mjini walimjaza maneno: kitu kilichoandikwa na karani wa taipu kitamwangukia siku moja, tafuta mtu mwenye cheti. Akamtafuta. Akaja kijana wa bara, aliyekuwa akikaa kwa mjomba wake Port Reitz, na shahada ya kompyuta ya chuo kikuu kwenye bahasha kubwa ya kaki. Jina lake silitaji. Sisi tulimwita Msomi, na masikini aliona ni sifa. Siku ya kwanza aliwapita wazee waliokaa barazani akawasalimu "Sasa!" kama vijana wenzake, nao wakatazamana. Mimi akaniita madam. Nikamwambia aniite dada, madam yuko shuleni.

Daktari akaniita ofisini kwake.

"Abee, Daktari."

"Huyu ataandika yake," akasema. "Akimaliza nitazipima zote mbili mbele ya kila mtu. Itakayokosea inaondoka. Ikiwa ni yako, mwanangu, utarudi kwenye taipu yako kwa amani."

Kwa amani! Roho iliniuma hata chai haikupita. Ile taipu niliijua, ilikuwa pembeni kwenye ukumbi, inatazama ukuta. Nilikaa kitandani usawa wa kuingia magharibi nikamwambia dada, kile kiti sikiachi. Aje na shahada kumi. Sikiachi.

Lakini nitamsema mtu kwa haki yake. Msomi alikuwa anajua. Alikaa kwenye programu yangu asubuhi moja, akavua saa ya mkononi akaiweka mezani, akamtafuta mgonjwa ambaye kadi yake ilikuwa mwisho kabisa. Tukangoja. Mashine ikawa inasaga tu. Tukaendelea kungoja.

"Hii kitu yako inatembea polepole sana, dada," akasema. "Unapitia kadi zote kutoka juu. Yangu inajua pa kufungua. Kama kamusi."

Kama kamusi! Mimi mwenye kamusi, niliyeifungua kila siku mwaka mzima mpaka kurasa zikalegea, sikuliwaza hilo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikamwambia, "Nifundishe."

"Hiyo ni ya mwaka wa pili chuoni."

"Nimekuuliza mwaka?"

Akachukua kalenda ya zamani akanichorea nyuma yake. Tulimaliza saa nzima. Mimi nikamwambia, nawe njoo ukae dirishani siku mbili usikie watu wa huku wanavyojitaja. Hakuja. Alisema watu watajaza fomu, na fomu itamwambia yote anayohitaji.

Ilipofika Ijumaa ya kupimwa tulijaa kwenye kile chumba: Daktari, wauguzi wawili, Msomi na tai yake, na mimi na kanga yangu nzuri kuliko zote niliyoitoa sandukuni. Muuguzi alikuwa anachomoa kadi za karatasi kabatini na kutaja majina. Msomi alianza. Lo! Jina halijaisha kutajwa, kadi iko kwenye skrini. Daktari akawa anatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza taarabu. Nikaiona taipu yangu na ule ukuta wake.

"Na kuna jambo jingine," Msomi akasema, akampa Daktari karatasi ndefu iliyotoka kwenye printa. "Nimesafisha. Kulikuwa na watu wengi wenye kadi mbili kwa sababu walipoteza ile ya kwanza. Majina matatu ni yale yale, mtaa ule ule, mwaka ule ule, basi ni mtu mmoja. Nimebakisha kadi iliyotumika karibuni, ile nyingine nimefuta."

Daktari alifurahi, na kweli kadi hizo zilikuwa zikimsumbua miaka. Mimi karatasi ilipopita mikononi mwangu niliitembeza macho tu. Kisha nikalikuta jina langu.

Nililisoma mara tatu. Kadi iliyobaki ilikuwa yangu, maana mimi ndiye niliyeugua malaria mwezi uliotangulia. Iliyofutwa ilikuwa ya dada. Na wino wake mwekundu, nilioupiga mimi mwenyewe kwa herufi kubwa kwenye mashine, umekwenda nayo.

Mori ulinipanda sikuona aliyekaa mbele yangu. "Umemfuta dada yangu!" nikasema. "Akija hapa kesho atadungwa na atakufa! We' kijana, umekaa na kitabu miaka minne hukuambiwa kuna nyumba zenye wake wawili?"

Msomi midomo ilimpauka. Nikawaeleza yote, jina la bibi, sindano ya darasa la tano, wino. Muuguzi mmoja akasema ni kweli, hata kwao wako wawili hivyo hivyo. Daktari akaiweka ile karatasi mezani polepole akanigeukia.

"Na yako? Yako inaye?"

"Inaye, Daktari! Nimempiga kwa vidole hivi."

Nikakaa kwenye kiti. Sikuficha furaha yangu, nitaificha ya nini, nilikuwa nimeshashinda. Nikaandika jina, la baba, la babu, Bofu. Tukangoja mashine isage. Kadi ikajitokeza. Wote wakainama kutazama, wakaliona jina, wakaona Bofu, wakatikisa vichwa kukubali.

"Huyu ndiye?" Daktari akauliza.

Nilikuwa naitazama ile malaria ya mwezi uliopita. Hakukuwa na onyo lolote. Kadi ya dada ilikuwamo humo ndani, najua ilikuwamo, lakini yangu ilikuwa mbele yake, na mashine ilipoikuta yangu ilisimama. Ilisimama kwa sababu mimi niliiambia isimame, nikapiga na mstari chini yake. Nilikuwa nimetafuta kila mtu wa Likoni katika ile programu. Mimi mwenyewe sikuwahi kujitafuta; hata hiyo malaria muuguzi ndiye aliyeiingiza nikiwa kitandani.

Na hakuna aliyejua. Msomi alikuwa anatazama viatu vyake. Nikisema "ndiye", kiti ni changu, na usiku huo huo ningerekebisha kimya kimya, nani angejua? Sitasema uongo kwamba sikulifikiria. Nililifikiria vizuri sana, mpaka Daktari akarudia, "Binti, nakuuliza, huyu ndiye?"

"Siye," nikasema. "Huyu ni mimi."

Nikawaeleza na hilo pia. Miezi minane na zaidi programu ile ilikuwa dirishani ikiwatoa wa kwanza na kuwaficha wa pili, na miezi hiyo yote dada yangu hakuugua hata mafua. Hiyo ndiyo bahati, na ndiyo pekee ninayoikubali maishani mwangu.

Daktari alivua miwani. Nilingoja afoke, akanikosesha hata hilo. "Zote mbili mbovu," akasema. "Jumatatu asubuhi nataka moja nzima. Nani kaiandika sitaki kujua. Ikikosekana, mashine naiuza." Akatoka kwenda kujitayarisha kwa sala.

Msomi akaanza kukusanya disketi zake.

"Unakwenda wapi?"

"Nimeaibika, dada."

"Na mimi je, nimetunzwa? Kaa chini. Kesho asubuhi utavuka kwa feri, uje kwetu Bofu. Na wazee utakaowakuta barazani uwaamkie."

Alikuja, na shikamoo alizitoa, tena mpaka kwa wasiostahili. Nikamketisha uani juu ya kibao cha mbuzi ya zamani ya kukunia nazi, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, nikaleta vipande vyangu vya maboksi, nikamleta dada na mikono yake ya unga. "Hii ndiyo mashine yangu," nikamwambia. "Isomee." Alidhani tunamchezea. Lakini alipoanza kusoma na dada akafanya lile alilosomewa tu, bila kuongeza, nilimwona anakaa sawa kwenye kile kibao.

Jambo la kwanza tulilirekebisha kwa neno moja: ukipata, usisimame, endelea mpaka wa jina hilo waishe. Dada akawa na kadi mbili mkononi, yangu na yake.

"Haya, nimepata wawili. Nifanye nini?"

"Uliza nambari ya kadi," Msomi akasema.

"Kikaratasi kimepotea. Umesahau kupotea huko ndiko kulikokuleta?" dada akasema.

"Uliza tarehe ya kuzaliwa."

"Mimi nilizaliwa wakati wa mvua. Huyu wakati wa jua. Tarehe hana mtu."

Msomi akakuna kichwa. Nami nikakuna changu. Mama mkubwa alikuwa jikoni anakuna nazi, na alikuwa ametusikiliza asubuhi nzima bila kusema, jambo lisilo la kawaida yake. Sasa akashindwa.

"Looo! Watu na akili zenu! Si aulize mama yake nani? Nyie mlipovunja kitu humu ndani mimi nilikuwa nauliza tarehe?"

Tulicheka mpaka dada akaziangusha kadi. Msomi alikuwa ameshaandika. Fomu yake ya chuo ilikuwa na jina, baba, babu, kabila, dini, kazi. Programu yangu ya kujifunza ilikuwa na baba, babu na mtaa. Mama hakuwamo hata katika moja.

Jumamosi jioni na Jumapili nzima tulikuwa zahanati. Yeye akaandika upande wa kutafuta, kwa ile njia yake ya kamusi, mimi upande wa maswali na maonyo. Aliowafuta tukawarudisha kutoka kwenye disketi zangu, kila mmoja, hata waliokuwa kweli na kadi mbili. Hao tuliwawekea alama waje waulizwe wenyewe. Tuligombana mara moja tu, juu ya wapi pa kuliweka swali la mama. Alitaka mwisho kabisa, chini. Mimi nikasema juu ya baba, na nikabaki hapo hapo mpaka akachoka. Kwa majaribio tukalijaza kwenye kadi moja tu, ya dada.

Jumatatu dada alikuja dirishani amejitanda buibui, kama mgonjwa yeyote. Daktari akasimama nyuma ya viti, maana vilikuwa viwili sasa; Msomi alikiburura cha pili kutoka kwenye ile meza ya taipu. Nikaandika jina. Majina mawili yakatoka, moja chini ya jingine.

"Mama yako nani?" nikamwuliza.

"Kwani wewe humjui?"

"Namjua mimi. Hii haijui wewe ni yupi."

Akalitaja jina la mama mkubwa kwa sauti iliyofika barabarani. Nikaliandika. Kadi ikaja, na onyo juu yake likiwaka na kuzimika, likiwaka na kuzimika, mpaka Daktari akaweka mkono begani kwangu akauondoa. "Endeleeni," akasema. Basi. Barua yangu ya kazi iliendelea kuniita karani wa taipu kwa miaka mingi baadaye, na sikuwahi kwenda kuilalamikia, kwa sababu kile kiti sikukiacha.

Dada hakuondoka dirishani. "Na wewe je?" akaniuliza. "Jijaze."

Nikaifungua kadi yangu. Pale juu ya jina la baba palikuwa patupu, mstari unawaka unaningoja. Shuleni waliniuliza baba nani. Kwenye kazi waliniuliza baba nani. Vidole vyangu vilikuwa vimepiga majina ya baba wa watu wa Likoni nzima, na hili jina moja la miaka sita ya mwanzo wa maisha yangu havikuwahi kulipiga hata mara moja. Nilisita kwenye herufi ya kwanza. Dada akainama mpaka kwenye nondo za dirisha, akanitajia polepole, ingawa nilikuwa nalijua. Nikaliandika. Nikafunga kadi, nikaanza upya kama mgeni, nikajibu maswali yote, na mashine ikanitoa mimi peke yangu.